1KUNS-PF: Kile kisanduku cha Wakenya kilichozunguka Dunia miaka miwili, tukiongelee kwa haki

FundiMawimbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Juzi kwenye uzi wa Taifa-1, ile setilaiti ya Kenya ya mwaka 2023, kuna ndugu aliandika kwamba setilaiti ya kwanza ya Kenya "ilianguka tu, haikufanya lolote", na watu wengi wakamgongea laiki. Jambo hilo limenikaa siku tatu. Ile setilaiti niliitafuta kwa mikono yangu na nikaisikia kwa masikio yangu, hapahapa Tanga, nikiwa nimesimama juu ya paa la banda la kuku la mama. Naona nina deni nayo. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka arudi usiku.

Jina lake ni 1KUNS-PF. Hizo herufi mbili za mwisho zina maana ya safari ya utangulizi. Shikeni hapo, maana ndipo watu wanapopotea. Walioiunda walisema tangu siku ya kwanza kwamba hii inatangulia kupima njia. Mtu uliyemtuma akapime kina cha mto humuulizi kwa nini hakuvusha ng'ombe.

Umbo lake ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande, basi. Unaweza kuubeba kwa mikono miwili kama unavyobeba bakuli la uji. Kuna kanuni ya setilaiti za aina hii, waliiweka maprofesa wawili wa Marekani mwaka 1999, Bob Twiggs wa Stanford na Jordi Puig-Suari wa Cal Poly, ili mwanafunzi aweze kuunda setilaiti nzima kabla hajamaliza chuo. Kwa kanuni ile ya mwanzo mchemraba mmoja haukutakiwa kuzidi kilo 1. Ndani yake unabanana betri, kompyuta, redio na kamera, na ubavuni zinabandikwa sola. Umeme unaopatikana ni wati mbili hivi. Balbu ya sebuleni kwako inakula zaidi ya hapo.

Chuo Kikuu cha Nairobi kiliomba nafasi kwenye mpango uitwao KiboCUBE. Ni mpango wa Umoja wa Mataifa pamoja na JAXA, shirika la anga la Japani, kwa ajili ya nchi ambazo hazina roketi zake. Agosti 2016 Nairobi wakachaguliwa, wa kwanza kabisa duniani katika mpango huo. Wakaunda kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Tarehe 2 Aprili 2018 ikaondoka Florida ndani ya chombo cha mizigo, pamoja na chakula na vifaa vya wanaanga, ikapokelewa kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Halafu Ijumaa tarehe 11 Mei 2018 ikatolewa nje kupitia maabara ya Kijapani iitwayo Kibo, pamoja na Irazú ya Costa Rica na UBAKUSAT ya Uturuki.

Neno "kutolewa" nalitumia makusudi. Haikurushwa siku ile. Mwanaanga anaipakia kwenye kasha, kasha linaingizwa kwenye chumba chenye milango miwili, mlango wa ndani unafungwa, hewa inatolewa, wa nje unafunguliwa. Mkono wa mashine unalishika kasha na kulielekeza nyuma na chini, ili setilaiti isije ikarudi kukigonga kituo. Springi inafyatuka, setilaiti inatoka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ajabu yake ni kwamba kituo chenyewe kiko kilomita 400 juu na kinakwenda zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Kwa hiyo ule mwendo wa mtu anayetembea ni tofauti kati yao wawili tu, wote wanaruka pamoja.

Baada ya kutoka, setilaiti hairuhusiwi kufungua antena wala kutoa sauti kwa dakika 30. Kuna swichi ndogo zilizobanwa na kasha, ikitoka zinaachia, saa inaanza kuhesabu. Nusu saa hiyo waliokaa miaka miwili wakiiunda hawana la kufanya. Nitaendelea hapa chini kuhusu niliyoyasikia.

Mwanagenzi_Dom

Fundi shikamoo. Naomba kuuliza swali la kitoto. Hiyo setilaiti ilikuwa na injini? Na kama haina, mbona haikuanguka siku ileile?

FundiMawimbi

Marahaba mwanangu, na swali si la kitoto.

Haikuwa na injini. Ilikuwa inaanguka tangu dakika ya kwanza, lakini inakwenda mbele kwa kasi kiasi kwamba kila inapoanguka kidogo, Dunia nayo imeshapinda chini yake. Inazunguka mzunguko mzima kwa dakika 92 hivi. Katika dakika hizo, kama 36 inakuwa gizani nyuma ya Dunia, inakula betri. Ikitoka juani inachaji. Hivyo mara 15 na ushei kila siku, joto na baridi, joto na baridi. Ukiona betri ya simu yako imevimba kwa kuiacha juani mchana mmoja, fikiria hiyo.

Kinachoishusha ni hewa. Ndiyo, kilomita 400 juu bado kuna hewa, nyembamba mno, lakini ukiipiga kwa kasi ile kila sekunde, usiku na mchana, inakukokota. Nitarudi kwenye hewa hii, maana kwangu ndiyo kiini cha habari yote.

Sasa niseme nilivyoisikia. Nilichukua tepu ya chuma ya fundi seremala, ile ya njano, nikaikata vipande, nikavifunga kwenye bomba la plastiki la maji. Ndiyo antena yangu. Masafa ya setilaiti ile, 437.300 MHz, hayahitaji vyuma virefu, kila kipande ni kama urefu wa rula ya shule. Upande wa pili nikachomeka kwenye laptopu kile kipokezi kidogo mfano wa flashi, wanachokitumia watu kupokelea televisheni, kwa programu ya bure kinageuka redio.

Siku tatu za kwanza sikupata kitu. Setilaiti tatu zimetoka pamoja, zinafuatana kama kuku na vifaranga, na rada za Wamarekani zinatoa namba za mizunguko lakini hakuna anayejua namba ipi ni ya nani. Nikawa naelekeza antena mahali sipo. Tena karibu na ikweta sisi tunapitiwa mara nne au tano tu kwa siku, na kila ikipita haizidi dakika kumi kutoka upeo hadi upeo. Ukichelewa, umechelewa.

Siku ya nne, usiku, mama ameshalala. Nimesimama juu ya bati, mkono mmoja nimeshika antena, kioo cha laptopu nimekipunguza mwanga ili niione mistari vizuri. Kwenye programu mawimbi yanaonekana kama mvua inayoshuka, rangi ya buluu yote. Mara ukatokea mstari mfupi wa njano. Ukakatika. Ukatokea tena, umesogea kushoto kidogo. Tena, kushoto zaidi. Nikajua, maana kituo cha redio cha ardhini hakisogei. Kinachokuja kwako sauti yake inakuwa nyembamba na kikikupita inashuka, kama honi ya basi la Segera. Kwa masafa yale inasogea kama kilohezi kumi juu ikija, na kumi chini ikienda. Ulikuwa mlio mfupi wa kukwaruza, *krrrt*, kimya, *krrrt*. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, sikuushusha.

Kifaa kidogo kuliko tofali, kimeundwa na wanafunzi wa Nairobi, kinaongea na mimi nimesimama juu ya kuku wa mama.

Kisima_Kwanza

Mkuu umeandika vizuri na sina nia ya kukuvunja moyo. Ila naomba unijibu kwa heshima kama mtu niliyekulia Kitui, Kenya. Maji kwetu ni kilomita za kutembea. Nikisikia setilaiti roho inaniuma. Hayo ya kusikia *krrrt* mama yangu yanamsaidia nini?

FundiMawimbi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitaki kulipita juujuu.

Kwanza gharama. Nafasi ya kupanda roketi na kutolewa kwenye kituo haikulipiwa na Kenya, ndiyo maana ya ule mpango wa KiboCUBE. Chuo kinachochaguliwa kinabeba kazi ya kuiunda na kuipima.

Pili, na hapa ndipo penyewe. Kitui ukame hauji ghafla, unaonekana kwenye majani wiki nyingi kabla haujafika kwenye kisima. Wa kuyaona majani hayo kutoka juu ni setilaiti, na mpaka leo picha nyingi tunazozitegemea ni za wenzetu. Ili uwe na mtu nyumbani anayejua kuunda jicho hilo, lazima awepo wa kwanza aliyekosea, akachomelea upya, akapeleka kwenye meza ya mtikisiko inayoiga roketi, akarudishiwa, akarudi tena. JAXA hawapokei kitu mpaka kithibitishe kwamba betri yake haitawaka moto ndani ya nyumba wanamoishi watu. Makaratasi ya usalama peke yake ni shule. Baada ya 1KUNS-PF ikaja Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, hiyo ni michemraba mitatu kwa urefu na kamera yake ni ya kazi, kilimo na mazingira.

Sikuahidi kwamba mama ataona maji kesho. Mimi pia sipendi watu wanaoahidi hivyo. Nasema tu kwamba ile ya kwanza isihukumiwe kwa kazi ya ile ya pili.

Kisima_Kwanza

Nimekuelewa kaka. Hilo la safari ya utangulizi sikulijua. Naendelea kusoma.

Mzee_wa_Ngomeni

Vijana hamjambo. Mimi si mwandishi, mjukuu ananisaidia kuchapa.

Mnasema setilaiti ya kwanza ya Kenya. Sawa kwa maana ya iliyoundwa na Wakenya. Lakini mimi nimezaliwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na sisi tumekua tukiiona minara ya San Marco baharini kila tukitoka nje. Ipo mpaka leo, miguu ya chuma ndani ya maji. Mmoja wa kurushia roketi, mwingine unaitwa Santa Rita, huo wa kuongozea. Waitaliano waliileta miaka ya sitini.

Roketi ya kwanza niliyoiona, mimi mtoto wa miaka tisa, Aprili 1967. Baba aliambiwa madau yasitoke siku ile. Tukakaa ufuoni. Kwanza tuliona moshi mweupe, halafu kijiti kinapanda, kimya kabisa. Nikafikiri mbona haina sauti. Kisha ikaja, kama mtu anaburura mabati juu ya mawe, na kifua chote kikatetemeka. Mama akashika tasbihi. Tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha nyingine, na kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya wakaipa jina la Kiswahili, Uhuru.

FundiMawimbi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma bandiko lako mara mbili, na nimemsomea mama. Asante sana, na mwambie mjukuu asante.

Wakuu, msimpite mzee hivihivi. Hiyo Uhuru ilikuwa setilaiti ya Marekani, ya kwanza kabisa duniani iliyotumwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani peke yake. Kwa mara ya kwanza binadamu wakapata ramani ya anga yote kwa mionzi hiyo. Kwa jina la Kiswahili! Wanafunzi wa fizikia ulimwenguni kote wanalitamka.

Lakini ile ya 1967 aliyoiona mzee akiwa na miaka tisa, San Marco 2, ndiyo niliyosema nitarudi kwayo. Mnajua ilitumwa kupima nini? Hewa. Ileile hewa nyembamba.

Profesa Luigi Broglio, aliyeongoza mradi wote ule, aliibuni kwa akili nyepesi na ya ajabu. Setilaiti ilikuwa tufe ndani yake kuna kiini kizito, na kati ya ganda la nje na kiini kuna springi. Ganda linapigwa na hewa, kiini hakipigwi. Hewa ikilisukuma ganda, ganda linasogea kidogo sana kulinganisha na kiini, na mizani inapima huko kusogea. Yaani mzani wa kupima upepo wa mahali ambapo watu wengi walidhani hakuna upepo. Tena ilizunguka juu ya ikweta kabisa, kwa sababu Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, na roketi ikiondoka hapo kuelekea mashariki inapewa msukumo wa bure na Dunia yenyewe inayozunguka, na mbele yake ni bahari tupu.

Sasa unganisheni. Mwaka 1967 Waitaliano, kwenye maji ya Kenya, wanapima hewa inayokokota setilaiti. Mwaka 2018 Wakenya na Waitaliano haohao wa Roma wanatoa kisanduku chao wenyewe, na hewa ileile ndiyo inayokishusha. Ukilijua hilo huwezi kusema "ilianguka tu". Ilishuka kama ilivyohesabiwa kushuka. Kisanduku kisicho na injini kikitolewa pale kina umri wake, mwaka mmoja, miaka miwili, kutegemea jua. Jua likichafuka, hewa ya juu inapata joto na kuvimba, mkokoto unaongezeka. Likitulia, setilaiti inaishi zaidi. Miaka ile ya 2018 mpaka 2020 jua lilikuwa limetulia, ndiyo maana ikafika 2020. Februari 2022, jua lilipochafuka, SpaceX ilipoteza takriban setilaiti 40 za Starlink kwa mkupuo mmoja, siku chache tu baada ya kurushwa. Hao ndio wenye fedha na injini.

Na ni vizuri kwamba ilishuka. Chuma kikibaki juu bila kuongozwa ni hatari kwa wengine. Yenyewe iliwaka hewani ikaisha, haikuacha taka.

Kigali_Juu

Ndugu zangu, salamu kutoka Rwanda. Nami niongeze kidogo. Sisi tulifuata njia hiyohiyo, RWASAT-1 ilitolewa kwenye kituo kilekile Novemba 2019, ya michemraba mitatu, wahandisi wetu waliiunda pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo. Waganda wakafuata na PearlAfricaSat-1 mwishoni mwa 2022, hao walijifunzia Kyushu, Japani. Siku zile tulipokuwa tunaangalia ya kwetu ikitoka, mwalimu wetu alitaja kwanza ya Kenya. Alisema mlango ulikuwa umeshafunguliwa na jirani.

Mwanagenzi_Dom

Fundi, samahani nimerudi. Je, ilipiga picha kweli? Huyo wa uzi wa juzi alisema hakuna hata picha moja.

FundiMawimbi

Ilipiga. Na uzuri wake ni kwamba picha hazikufichwa. Zilishuka kwa masafa ya wapenzi wa redio, vipande vidogovidogo, na watu wa nje waliokuwa wanasikiliza kwa hiari yao, huko Ulaya na kwingine, walivikusanya vipande, wakaandika programu ya kuvifungua na kuiweka wazi kwa kila mtu. Mimi vifaa vyangu havikutosha, nilipata vipande viwili vitatu visivyotosha kufanya picha. Lakini vipande hivyo bado ninavyo kwenye diski, sijavifuta.

Si picha za kupimia shamba. Kamera ya kutangulia ni ya kuona kama jicho linafumbuka, na data inafika ardhini salama. Lilifumbuka.

Mwanagenzi_Dom

Sasa nami nataka kusikia. Hiyo haipo tena, nianze na ipi? Mimi nina laptopu tu na tepu ya baba.

FundiMawimbi

Anza na kituo chenyewe cha anga. Kina redio ya wapenzi wa redio, inarudisha sauti za watu kwenye 437.800 MHz, inapokuwa imewashwa. Masafa yako jirani na yale ya 1KUNS-PF, kwa hiyo antena yangu ileile inafaa.

Muombe baba ruhusa ya tepu kwanza. Kata kipande cha nyuma sentimita 34 hivi, cha katikati kinachopokea kigawe mara mbili, jumla kama 32, vya mbele 30 na chini kidogo. Pembe za tepu zizungushe kwa selotepu, chuma kile kinakata vidole, mimi nina alama. Kwaruza rangi ya njano mahali pa kulehemu mpaka uone chuma kinang'aa, la sivyo risasi haitashika. Saa ya laptopu iwe sahihi na uhakikishe imewekwa saa za Afrika Mashariki. Mimi nilipoteza usiku mzima kwa kosa la saa tatu.

Kisha simama mahali unapoona upeo, si katikati ya nyumba. Usishike antena wima moja kwa moja, igeuze polepole kama ufunguo mpaka mlio ukue.

Mzee_wa_Ngomeni

Mwanangu wa Dodoma ukisikia utuambie. Na huyu mjukuu wangu ameshaenda kutafuta bomba.

Mwanagenzi_Dom

Wakuu, nimechelewa kurudi, wiki mbili zimepita. Jana saa moja na dakika kumi na mbili usiku, kituo kilipokuja kutoka kusini magharibi, nilikuwa uwanjani nyuma ya bweni na wenzangu watatu. Mmoja anashika tochi, mmoja anasoma kwenye simu nyuzi za kuelekezea antena. Dakika mbili za kwanza kimya. Halafu mstari ukatokea, unasogea kushoto kama ulivyosema. Kulikuwa na sauti ya mtu anataja herufi na namba, haraka haraka, simjui wala simwelewi. Tumeirekodi. Dakika sita na nusu.

Fundi, hicho kipande cha nyuma nimekata 34 na nusu. Je, nikipunguze?

FundiMawimbi

Usiguse. Kiache hivyohivyo.